Swichi Iko kwa Nani

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Kasulu, mawingu. Ijumaa Bwana Didas wa ofisi ya elimu anakuja kukagua mtandao wetu wa kompyuta. Akiridhika, mimi ni mratibu wa TEHAMA wa wilaya, na zamu ya kusimamia usafi wa vyoo kwaheri. Madam Ghati wa fizikia naye anaitaka nafasi hiyo. Pole yake. Nimeunganisha mashine zote kwa mstari mmoja, waya ukitoka hii kwenda ile. Waya kidogo, sifa tele. Ghati akauliza, ya katikati ikizimwa? Nikamjibu nani azime.

Jumanne, 11
Careen amezima. Mhasibu wetu. Radi ilinguruma mbali huko Buhigwe, akachomoa kila kitu na kuifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma. Watu wa huku na radi, mgeni kama mimi hawaelewi. Nilicheka, mpaka walimu wote walio mbele yake kwenye mstari walipokuja kuniuliza mtandao uko wapi.

Jumatano, 12
Nimefunga mstari uwe duara. Mmoja akichomoa, habari zinapita upande wa pili. Nilijisifu hadi saa nne. Ikanguruma. Akachomoa Careen, akachomoa na mkuu wa shule. Walio kati yao wakabaki kisiwani, Ghati akiwemo. Alichukua karatasi, akaanza kuchora. Bora angenicheka.

Alhamisi, 13
Ghati ameshauri nyota: kila mashine na waya wake hadi swichi moja katikati, kisanduku cha kugawa mtandao, chumba cha walimu. Waya mwingi, ila anayechomoa anajikata peke yake. Wazo zuri, limeniuma. Nimelifanya langu. Swichi nimeifungia ofisini kwangu, ufunguo mfukoni. Didas akiuliza mtandao ni wa nani, asipate taabu. Ghati akaniuliza, na swichi yenyewe ikizimwa, Mwalimu Elisante? Nikamjibu nani azime.

Ijumaa, 14
Didas aliketi kwenye kompyuta ya Ghati, akaanza kufungua alama za wanafunzi. Radi ikapasuka juu ya bati. Sijui miguu ilinipelekaje. Nilijikuta ofisini, swichi nimeichomoa, nimeifunika kwa koti langu. Shule nzima haina mtandao. Didas akauliza nani kazima. Careen akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwalimu sasa amekuwa mwenyeji.

Jumamosi, 15
Amependekezwa Ghati. Vyoo vimebaki vyangu. Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona: ofisi yangu iko karibu mno na watu. Leo nimeihamishia swichi nyumbani kwangu. Nyaya zinapita juu ya shamba la maharage, kwenye miti mirefu, zinapendeza. Careen nimemwomba anifumie kitambaa.