Gari la Moshi la Nchi Tatu

Ijumaa, 18 Mfungo Nane, mwaka 1323 wa Hijra. Kibiti.

Nimeamua! Nakwenda kupanda gari la moshi. Lile la Mombasa, linalopasua nchi ya Mwingereza mpaka Ziwa Nyanza, na ng'ambo ya ziwa ni Uganda. Ukitia na hii yetu ya Mdachi, nchi tatu! Mzee gani wa Kibiti amevuka nchi tatu? Hakuna. Ussi amevuka, lakini Ussi simhesabu.

Chanzo ni huyo huyo Ussi, jirani yangu. Alipanda gari hilo mwaka juzi, na tangu hapo kibaraza chake hakikauki watu. Kahawa yangu inapoa bila mnywaji! Basi juzi nikasema, tena kwa sauti, kwamba mimi Sadallah nilipanda gari la moshi zamani, kabla sijaota ndevu. Ussi akauliza, kwa upole wake wa kinafiki, lilipita wapi, maana wakati huo reli yenyewe haijaletwa. Nikamjibu lilikuwa linapita bila reli. Watu wakacheka hata Khamis akajimwagia kahawa.

Mwanamize mke wangu hakucheka. Kisimani wanawake wanamwigia mlio wa gari, chafu-chafu-chafu, mitungi kichwani. Amekunja mkeka wake amekwenda kwa kaka yake Huseni, Mtunda. Kaniachia mambo mawili nichague. Isemwe mbele ya watu, na Ussi akiwepo, kwamba nilisema uongo. Au nilipande kweli hilo gari nifike hilo ziwa. Bila moja katika hayo, harudi.

Kuungama mbele ya Ussi? Bora nchi tatu! Bora kumi!

Jumapili, 20 Mfungo Nane. Mtunda.

Nimepita kumuaga. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa. Nikamwambia naondoka. Akasema nenda. Nikamwambia ni mbali sana. Akasema anajua.

Shemeji Huseni akauliza nauli nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeuza mpunga wote, na mtumbwi pia. Huseni akashika kichwa. Hapo Mwanamize akanitazama, mara moja tu. Aliponiona namwona, akarudi kwenye muhogo wake.

Kisha akasema nikirudi hataki mdomo wangu, anataka ushahidi. Nikaapa nitamletea maji ya ziwa lenyewe, ndani ya kibuyu changu hiki. Akakitazama kibuyu. Akasema haya.

Haya! Mwanamke akishasema haya, nusu yake imekwisha rudi.

Jumatano, 23 Mfungo Nane. Salale, mikokoni.

Watu huku wana wazimu. Ati Wamatumbi wameng'oa pamba ya Mdachi. Ati kuna maji ya dawa kutoka Ngarambe, ukinyunyiziwa, risasi inageuka maji. Kila njia vinapita vibuyu na mianzi ya dawa. Nahodha Seleman, mwenye jahazi la boriti la kwenda Mombasa, anataka kung'oa nanga upesi kabla askari hawajaja kukamata wapagazi. Akaniuliza mimi nimekwisha pata dawa? Nikamwambia sina nafasi, nina safari. Akasema, mzee wangu, nchi inataka kuwaka moto, wewe unawaza gari! Nikamwambia vita nimeviona vingi, gari sijaliona.

Hapo nikajiuma ulimi. Lakini Seleman hamjui Ussi. Nadhani.

Nalala juu ya boriti. Mbavu zangu!

Jumatatu, 5 Mfungo Tisa. Mombasa.

Nimeliona! Jeusi, linapumua kama kiboko aliyekanyagiwa mtoto. Linatema mvuke kwa ubavuni. Watu wamekimbia, mimi sikukimbia. Nilirudi nyuma kidogo tu nilione vizuri, mpaka sokoni.

Mhindi wa dirishani akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia kote. Akanipa tiketi ya mpaka ziwani. Nimeificha ndani ya kiatu, maana Mombasa ina wezi.

Kesho! Usingizi hauji. Ussi, kahawa yako ikukwame kooni!

Jumanne, 6 Mfungo Tisa. Mazeras.

Linakwenda! Nimelipanda, nimelikalia, linakwenda! Miti inakimbia kurudi kwao. Tumevuka maji juu ya daraja na hakuna aliyelowa. Machozi yakanitoka. Ule moshi.

Nimevua viatu nikae kwa raha. Nimemweleza mzee mmoja wa Kitaita habari za Kibiti yote, mpaka akasinzia. Tukaanza kupanda mlima. Gari likapunguza mwendo. Likatweta. Likasimama kabisa. Kimya!

Sasa, sisi watu wa Rufiji tunajua. Chombo kikikwama kwenye fungu la mchanga, abiria hangoji kuambiwa. Anashuka anasukuma, mkubwa kwa mdogo. Anayebaki amekaa ni mgonjwa au ni maiti. Nikangoja wenzangu wainuke. Hakuna! Wanamenya ndizi! Watu wa bara hawakufunzwa.

Nikashuka peke yangu. Nikaenda nyuma kabisa, nikaegemeza bega, nikapiga ukelele wa mtoni. Mara ya kwanza halikutikisika. Mara ya pili nikamtaja Mungu, nikasukuma kwa nguvu zote za Sadallah. Likapiga mbinja. Likaondoka! Gari zima, na watu wake, na ndizi zao, nimelikwamua peke yangu!

Nikasimama najisifu. Nilipoinua macho lilikuwa limekwisha pinda kona. Hata ahsante!

Mzigo wangu umo ndani. Viatu vyangu vimo ndani. Tiketi imo kiatuni. Nimebaki na kibuyu begani na karatasi hizi kwenye kofia. Viatu vyangu sasa hivi vinavuka nchi. Mwenyewe niko Mazeras.

Mtu wa stesheni ati ananiambia halikukwama, lilisimama linywe maji. Gari linywe maji! Vijana wa siku hizi.

Alhamisi, 8 Mfungo Tisa. Mombasa.

Nimerudi kwa miguu, pekupeku. Mhindi amekataa kunipa tiketi nyingine. Nikamwambia mimi ndiye niliyelisukuma. Akafunga dirisha.

Nimekaa pwani na kibuyu changu kitupu. Nikamwaza Mwanamize na muhogo wake. Kisha akili ikanijia! Ziwa ni nini? Ni maji mengi. Na haya mbele yangu? Maji mengi! Nani Mtunda atakayetambua?

Nimejaza. Nimeziba kwa gunzi. Shingoni nimefunga kitambaa chekundu na kauri mbili, kisije kikadharauliwa. Kimependeza! Hata mimi mwenyewe nimeanza kuamini nimefika.

Nimepata kazi ya kubeba makaa kwenye meli iendayo Dar es Salaam. Nakwenda nyumbani!

Jumapili, 25 Mfungo Tisa. Kibiti.

Jana sikuandika. Mikono ilikuwa imefungwa.

Nianze mwanzo. Kutoka Dar es Salaam nimekuja kwa miguu, na njia nzima watu wananistahi mno. Wananipisha. Wananong'ona. Mama mmoja alipiga magoti akaniomba tone moja tu la kibuyu changu. Nikasema, lo! Habari za safari yangu zimenitangulia!

Kumbe vita vimeingia. Mimi nilikuwa baharini, nitajuaje?

Mlangoni mwa Kibiti, askari wa Mdachi. Shaushi, mkubwa wao, akaona kibuyu. Akaona kitambaa chekundu na kauri. Bunduki zote zikanigeukia. Akauliza maji haya ya wapi. Nikatunisha kifua, nikamwambia ni maji makubwa, ya mbali, nimeyafuata mwenyewe, na hakuna mwingine Kibiti aliye nayo.

Kamba!

Shaushi akasema aliyekutwa na maji ya namna hii juzi hakurudi kwake. Hapo nikakaa chini. Uchovu wa safari. Wakaitwa watu waje wanitambue. Nani akaja mbele? Ussi! Akaapa kwa Mungu kwamba mimi si mganga, mimi ni mwongo tu niliyejitapa kuleta maji ya ziwa, najulikana kwa uongo kuanzia hapa mpaka Ngorongo. Wivu wa namna gani huo, mtu amefungwa kamba!

Shaushi akanigeukia. Akasema, mzee, sema mwenyewe. Maji haya ni ya hilo ziwa, au umedanganya? Kama umedanganya, sema, uende zako ukalale.

Ni neno moja tu. Lakini watu wote walikuwepo. Khamis yupo. Ussi yupo, amenikodolea macho, ati ananikonyeza niseme. Nikaitazama kamba. Nikamtazama Ussi.

Nikasema, "Ya Ziwa Nyanza."

Watu wakashika vinywa. Ndipo nikasikia sauti nyuma: nipisheni! Mwanamize! Mtunda watu wamekimbia, amerudi kwake siku nyingi, na mimi sina habari. Akapita katikati ya bunduki kama anapita kwenye mahindi. Akampokonya askari kibuyu, akang'oa gunzi, akanywa. Akatema.

Chumvi, akasema. Bwana shaushi, onja mwenyewe, haya ni maji ya bahari. Ziwa lile maji yake baridi, muulize Ussi, alikwenda. Huyu hakwenda. Hakufika ziwani, hakufika popote. Hajui dawa, hajui vita, anajua kusema uongo. Nimezeeka naye, uongo wake naujua kwa harufu. Mfungue, nimpeleke nyumbani.

Shaushi akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. Kisha akacheka. Askari wakacheka. Hata mwenye kamba akacheka. Wakanifungua, wakaniongeza na teke.

Aibu niliyotiwa! Na mke wangu mwenyewe!

Njiani alikuwa bado ameshika kibuyu. Maji yanamwagika mpaka yamelowesha kanga yote, naye hana habari. Niliona. Nikamchukulia kibuyu.

Jumatatu, 26 Mfungo Tisa. Kibiti.

Mwanamize yumo ndani, anapika. Anasema sharti limetimia: imesemwa mbele ya watu na Ussi akiwepo kwamba nilisema uongo, na yeye hakutaja isemwe kwa mdomo wa nani. Tangu alfajiri ananikaripia. Ati nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya Ussi? Nikamwambia si kwa ajili ya Ussi, kwa ajili ya ukweli. Maji yale niliyateka baridi kabisa, chumvi imeingia njiani kwa joto. Akanirushia mwiko.

Lakini sikilizeni! Baada ya alasiri watu wamejaa kibarazani KWANGU. Wanataka kusikia nilivyolisukuma gari. Nimesimulia mara nne, kila mara mlima unapanda zaidi. Wamecheka, lakini hawakuondoka. Hata Ussi amekuja, amekunywa kahawa yangu. Akaniuliza, ndugu yangu, hivi kweli ulisukuma? Nikamwambia nilisukuma, na liliondoka, na viatu vyangu vimefika Uganda. Akajiongezea kahawa. Ndiyo nguvu ya ushahidi!

Kisha Khamis akaleta habari ya mahujaji. Ati Sultani wa Rumu, yule Mturuki, anajenga reli kutoka Shamu mpaka Madina! Nchi ngapi hizo kutoka hapa? Ussi hajafika! Nikasimama hapo hapo, nikatangaza: vita vikitulia, nakwenda.

Kisha Mwanamize ndani akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba safari hiyo hatoki mtu peke yake. Tunakwenda wote, na kibuyu atabeba yeye.

Nimekubali. Jioni hii nimekwisha mfundisha lililo kubwa. Gari likisimama tu, usingoje kuambiwa. Shuka, nenda nyuma, egemeza bega.

Tukiwa wawili litakwenda mbio zaidi.