Ratiba ya Kucheza kwa Hiari

Jumatatu, 9 Juni

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Madam Bathsheba, mwalimu mkuu, ametangaza kwamba Ijumaa afisa wa elimu ya chekechea anakuja hapa Sironga. Anataka kuona watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, wakicheza pamoja kwa hiari. Kandarasi yangu ya kufundisha chekechea inaisha mwezi huu. Afisa asiporidhika, narudi Homa Bay kuuza viatu kwa shemeji. Sitaki! Nimeandika ratiba. Saa tatu kamili, kucheza kwa hiari. Saa tatu na dakika kumi, kucheka.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Watoto thelathini na mmoja, tableti mbili. Kila mtu anagusa kwa kidole kimoja, kwa zamu. Ashley alilia, zamu yake ilipita akiwa chooni. Thadeus, anayetumia kiti cha magurudumu, aliomba kwenda nje kwenye matope. Nikamwambia matope hayamo kwenye ratiba. Darasa la jirani, kwa Mwalimu Kwamboka, walikuwa wanacheka bila hata kuambiwa. Yule mama ananimaliza.

Alhamisi, 12 Juni

Marudio ya nne. Sasa nikipiga makofi wanacheka wote pamoja, halafu wananyamaza. Safi sana! Kwamboka alichungulia dirishani, akauliza kama tumefiwa. Wivu tu.

Ijumaa, 13 Juni

Uwi! Tableti zimezima. Nikaenda ofisini kutafuta chaja, na afisa naye akafika mapema. Kurudi darasani, hakuna mtu! Wote wako nje, wanacheza kituo cha kununulia majani chai. Wamechuma majani yote ya ua wa miti wa Madam. Tableti moja imekuwa mizani, Ashley ndiye karani. Kiti cha Thadeus ndicho lori, naye yumo, kimejaa majani na matope, watu kumi wanasukuma. Afisa mwenyewe yuko kwenye foleni! Thadeus alimwambia majani yake yamekomaa mno, hayafai kwa chai, arudi nayo nyumbani. Nikapiga makofi wacheke. Wakaendelea kusukuma lori. Ashley akaniambia nisiruke foleni.

Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 14 Juni

Madam amenitumia ripoti. Afisa ameandika kwamba watoto hucheza vizuri mno mwalimu asipowaingilia. Kandarasi imeongezwa muhula mmoja. Kumbe nina kipaji! Nimemwomba Madam niwafunze walimu wote kutoingilia. Tunaanza mazoezi Jumatatu, saa tatu kamili. Kwamboka atakaa mbele, na atanyoosha mkono kabla ya kutoingilia.