Miguu Isiyogusa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejipa cheo. Meneja wa Chapa Binafsi! Chapa ya nani? Ya mdogo wangu, mtembea kasi. Mchezo huo wengi hawaujui. Mama mwenyewe alidhani kwa miaka miwili kuwa binti yake anachelewa tu kila mahali. Kumbe ni mashindano. Kilomita ishirini kwa kutembea, hukimbii hata hatua moja, na mguu mmoja lazima uwe chini kila wakati. Waamuzi husimama njiani wakitazama miguu. Kadi nyekundu tatu, unatolewa.

Jumamosi ni mchujo wa timu ya taifa. Watatu wa kwanza ndio wanaokwenda. Mdogo wangu ana miaka thelathini na moja na ameshika nafasi ya nne mara mbili. Amesema akikosa na safari hii, anatundika viatu. Kwa sasa anasukuma mkokoteni wa mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wafuasi wake mtandaoni ni sitini na wanne. Mmoja ni mimi. Mwingine ni mimi pia, kwa simu ya zamani.

Nimehudhuria semina ya mtandaoni, saa moja na nusu, bure. Siri ya wanamichezo wakubwa ni neno moja: UHALISIA. Watu wamechoshwa na uongo. Kwa hiyo kesho naanza kutengeneza uhalisia.

Jumanne, 4 Machi

Tumerekodi “Mazoezi ya Alfajiri.” Yeye hufanya mazoezi saa kumi na moja. Mimi niliamka saa tatu. Si neno, nilibandika karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa mbele ya kamera, alfajiri ikapatikana. Jasho nililitoa kwenye chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Akalalamika kuwa ana jasho lake, ametoka kutembea kilomita kumi na nane. Nikamweleza kwa upole kuwa la kwake haling'ai.

Akasema kama nataka kitu cha kweli, nikamrekodi akisukuma mashuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani anataka kuona mashuka?

Njiani nimekutana na Miwani, jirani yetu, meneja wa mrusha mkuki. Mtu wake ana wafuasi elfu arobaini. Akaniuliza, mbele za watu, watembea kwa miguu wanaendeleaje. Nilijitia hamnazo. Lakini liliniuma.

Jumatano, 5 Machi

Jamani! Nimeshuhudia muujiza!

Nilimrekodi barabara ya nyuma ya hospitali, akitembea kwa kasi yake yote. Nikaichezesha video kwa mwendo wa polepole, nijaribu tu. Nywele zikanisimama. Mdogo wangu anaelea! Mguu wa nyuma umeshaondoka, wa mbele haujafika, na yeye yuko hewani, uso umetulia kama anasubiri chai. Mtoto niliyemfundisha kushuka ngazi! Nimeitazama mara ishirini. Sikujua kama mwili wa binadamu, tena wa nyumbani kwetu, unaweza kitu kama hicho.

Nikachora duara jekundu pale kwenye nafasi kati ya viatu na lami. Na mshale. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: HAGUSI CHINI! TAZAMENI WENYEWE!

Kufika jioni, watazamaji elfu kumi na moja. Na aliyeisambaza zaidi ni nani? Miwani! Ameandika kwamba anawaomba waamuzi wote waione. Roho yangu kwatu. Nilikuwa nimemhukumu vibaya yule bwana.

Alhamisi, 6 Machi

Kocha wa mdogo wangu amekuja sijapiga hata mswaki. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, filimbi haitoki shingoni. Akaniuliza kama naijua kanuni kuu ya mchezo huu. Nikaitaja bila kukwama: mguu mmoja lazima uwe chini kila wakati. Akanitazama. Na mimi nikamtazama, nikisubiri swali la pili.

Halafu nikaelewa.

Kocha akasema mwamuzi huamua kwa macho yake, si kwa simu ya mtu, lakini sasa kila mwamuzi amechorewa duara na mshale wa pa kutazama. Nikaifuta video mtandaoni. Nimechelewa, Miwani ana nakala.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti, akaomba kuiona kwenye simu yangu. Akaitazama mara moja. Mara ya pili. Kisha akamuuliza kocha kama ni mguu wa kushoto unaowahi kunyanyuka. Kocha akavaa miwani ya kusomea, akainama, akasema ndiyo, wa kushoto. Wakaondoka wote wawili wakizungumza, hakuna aliyenigeukia. Afadhali angenitukana. Miaka kumi na miwili ya kuamka alfajiri, nami nimeimaliza kwa kidole kimoja.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima wamekuwa kwenye mguu wa kushoto. Sijahitajika.

Nimependekeza niwaandikie waamuzi barua ya wazi, yenye hisia. Kocha akasema nikimwandikia mwamuzi hata salamu, yeye mwenyewe ataimeza filimbi yake halafu aseme ni mimi niliyemlisha. Nimeacha.

Jumamosi, 8 Machi

Simu nilinyang'anywa getini. Mama akaitia kwenye mkoba wake, kisha akaukalia mkoba.

Mizunguko ishirini. Kila washindani walipopita, waamuzi waliinama. Mwanamume mmoja mwenye tumbo aliinama kwa mdogo wangu peke yake mpaka nikadhani amedondosha kitu. Mzunguko wa sita, kadi. Kumi na moja, kadi ya pili, na yeye ni wa nne. Nilitaka kwenda kukiri kwa yule mwamuzi kuwa duara ni langu. Kocha alinishika mkanda wa suruali.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukiona. Alifupisha hatua. Mtu ana kadi mbili, yuko nafasi ile ile iliyomliza mara mbili, na badala ya kupapatika anafupisha hatua! Mguu wa kushoto ukawa unasubiri. Kila hatua, unasubiri. Tak, tak, tak. Yule mwamuzi akainama tena, na tena, akainuka mikono mitupu.

Mzunguko wa kumi na nane, aliyekuwa wa tatu alimsikia nyuma yake. Akaogopa, akaongeza kasi. Kadi, na kwake ilikuwa ya tatu. Akatolewa njiani akilia. Mdogo wangu alimpita macho mbele, tak, tak, tak. Akamaliza wa tatu. Timu ya taifa!

Nililia. Mbele ya Miwani, kwa sauti, kamasi na kila kitu. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona kwenye kioo kidogo cha simu. Sikujua ni mkubwa hivi.

Mdogo wangu alipoweza kusema, aliniambia kesho ana zamu saa moja. Kocha naye alikiri kuwa macho yake hayakuuona mguu ule kwa miaka sita, na bila video yangu leo angetolewa. Kuna jina jingine aliloiita video hiyo, si muhimu.

Jumapili, 9 Machi

Sikulala vizuri. Machozi yangu ya jana ndiyo kitu halisi kuliko vyote katika kampeni nzima, na simu ilikuwa chini ya Mama! Hasara iliyoje.

Na kuna mgonjwa amemrekodi mdogo wangu leo asubuhi akisukuma mashuka, wauguzi wakimpigia makofi ukumbi mzima. Watazamaji laki mbili. Mwanga mbovu, hakuna hata maandishi. Watu hawana ladha.

Ila kesho tunarudia. Nimeshamenya kitunguu. Nitasimama palepale, nitalia vilevile. Mdogo wangu amekataa, kwa hiyo atakayepita nyuma yangu ni Mama, kwa sharti kwamba havai kaptula. Magoti yanamsumbua, mwendo wake si wa mashindano. Haidhuru. Nitaiweka kwa mwendo wa polepole.