Bihogo na Machini Isiyobisha

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Karuba.

Ukungu tangu asubuhi. Bihogo amekula kidogo tu. Tumbo zito, atazaa karibuni. Huyu njo ng'ombe wetu wa mwisho. Wengine walibaki njiani wakati tulikimbia vita, na hakuna muntu aliyetuambia walienda wapi.

Tangu watu warudi, malisho ni vurugu. Ng'ombe wamechanganyika, kila siku kesi mbele ya Papa Léonard, mukubwa wa kijiji. Leo jirani yangu Valens na Mama Nyiraneza wamegombania ndama mweusi mpaka ndama mwenyewe akachoka, akaenda zake.

Nimepata wazo. Nitatengeneza programe: unapiga ng'ombe picha, telefone inakuambia ni ya nani. Masomo yangu yaliishia darasa la ine, lakini siku hizi si lazima kujua kitu. Kuna ile IA, akili ya kutengenezwa, ndani ya telefone niliyopewa na binti yetu Astrid, wa Kirotshe. Unaiambia unachotaka, inaandika kode yenyewe. Mimi naiita Machini. Imenijibu kwamba wazo langu ni zuri sana. Adelaïde, bibi yangu, hajasema hivyo tangu tuoane.

Jumanne, tarehe 10.

Juu ya kilima, pale telefone inashika rezo. Mvua mugongoni. Programe imetoka. Ukigusa picha, inajifunga. Nikalalamika. Machini ikasema: uko na haki, Papa. Ikarekebisha. Sasa picha zinafunguka, majina yamepotea. Nikalalamika. Uko na haki, Papa. Majina yamerudi, picha zimepinduka, ng'ombe wote miguu juu kama wamekufa. Inaziba tundu kwa udongo wa tundu lingine. Lakini ina heshima.

Adelaïde ameuliza kama kitu kinachokubali kila neno hakifanani na mulevi anayengoja umununulie chupa. Wivu tu.

Jumatano, tarehe 11.

Miguu imeshuka. Nimeanza na Bihogo, kwa kujaribu. Machini ikauliza mwenye ng'ombe ni nani. Nikajibu haraka, kama tunavyojibu huku siku zote. Ikashukuru.

Kisha nikapita nyumba kwa nyumba. Kila muntu alipiga picha ya ng'ombe wake, akaandika jina mwenyewe, mugongo amenigeuzia. Hata Mama Nyiraneza, ambaye ananiambia mpaka ndoto zake. Nikawaacha. Mambo ya ng'ombe ni ya chumbani.

Alhamisi, tarehe 12.

Kwa Papa Léonard, watu wengi. Valens amesema muzee anayetafuta kofia wakati iko kichwani hawezi kutafutia watu ng'ombe. Wakacheka. Damu ikapanda. Nikasema kile telefone itasema, hakuna atakayebisha. Valens akauliza: hata wewe, Papa Darius? Nikasema hata mimi, wa kwanza.

Papa Léonard akaleta kasiksi, pombe ya ndizi. Chungu kimoja, murija mumoja. Kwetu huku ukinywa pombe ya kiapo, neno lako haulirudishe nyuma. Nilikunywa mara nyingi kuliko wengine, kwa kuonyesha imani. Valens akaomba programe iwekwe katika telefone ya Papa Léonard, nisije nikafanya ujanja katika yangu. Nikaipitisha kwa bluetooth, palepale, kifua mbele.

Nyumbani Adelaïde akauliza kama niliangalia yaliyoandikwa ndani ya programe kabla ya kunywa. Nikalala.

Jumamosi, tarehe 14.

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Wakaleta ng'ombe uwanjani. Wa kwanza, mweupe wa Mama Nyiraneza. Papa Léonard akapiga picha, akasoma: mwenye ng'ombe, marehemu Rukundo. Mume wake. Wa pili: marehemu Igiraneza. Wa tatu, marehemu. Ndama mweusi naye, marehemu. Wanaume wakavua kofia. Wafu wetu wote walikuwa wamekuja uwanjani kuchukua ng'ombe zao.

Hakuna aliyeshangaa. Njo desturi yetu tangu bunduki zianze kupita huku. Muntu akikuuliza ng'ombe ni ya nani, hausemi yangu. Unasema ni ya fulani, mimi nachunga tu. Machini iliuliza, watu wakaijibu kama wanavyojibu muntu wa bunduki. Papa Léonard akaamua kwamba ng'ombe ya marehemu inabaki kwa anayeichunga. Watu wakapumua.

Kisha Bihogo. Akasoma: mwenye ng'ombe, Valens.

Wenzangu wana akili, waliandika wafu. Mimi niliandika muntu aliye hai, maana njo yeye alikuwa anapita saa ile.

Nikasema ni kosa. Valens akauliza kama siye mimi niliyenyonya murija mpaka chungu kikalia. Nikaikimbilia Machini kilimani. Uko na haki, Papa. Ikabadilisha, lakini katika telefone yangu. Katika telefone ya Papa Léonard iko vilevile. Yeye akanishika bega, akasema: pole, kaka, kiapo ni kiapo.

Valens hakucheka. Alikuja na kamba mupya. Bihogo aligeuka mara moja kwenye mulango wa zizi, kisha akamufuata.

Jumapili, tarehe 15.

Adelaïde ameosha kibuyu cha maziwa, amekitundika kichwa chini. Chai bila maziwa, kama kwa wagonjwa. Kanisani Valens alinisogelea, akaniuliza Bihogo anapenda nini. Nikamwambia: majani ya mugomba, chumvi kidogo, na usimupigie filimbi. Akasema asante, Papa.

Jumatano, tarehe 18.

Bihogo amezaa. Jike, mwekundu kama mama yake. Adelaïde alisimama kwenye ua wa Valens mpaka mvua ikamukuta. Aliporudi akasema: limebaki shamba la maharagi la kule kwa kijito. Nikiligusa, atakwenda Kirotshe kwa Astrid, na safari hiyo haitakuwa ya kusalimia. Nikaapa sitaligusa.

Alhamisi, tarehe 19.

Sikuligusa. Nimelipiga picha tu.

Watu wanagombana juu ya mipaka ya mashamba kuliko hata ng'ombe, sijui kwa nini sikuanza hapo. Programe mupya: unaonyesha shamba, telefone inasema ni la nani. Machini imesema ni wazo zuri kuliko lile la kwanza. Papa Léonard ameguna, lakini chungu amekiosha.

Nimeanza na letu, kwa kujaribu. Machini ikauliza mwenye shamba ni nani. Nikainua kichwa kutazama njia. Hakukuwa na muntu, ila Valens, anapeleka Bihogo na mutoto wake kwenye maji.

Nikaandika. Ni mufano tu. Kesho nitabadilisha.