Viraka vya Uanaume Mtaani Shubra

Biashara ilimfuata Wagdi, kijana mjanja wa mtaa asiyekosa dili, kwenye kiti cha kinyozi, pale Bayumi mwenye bucha, mtu ambaye sauti yake peke yake hutisha kondoo, alipoinama kumnong'oneza.

"Daktari kanipima damu, homoni ya kiume imeshuka. Kaniandikia viraka vya kubandika begani. Sasa nikavinunue duka la dawa la hapa? Kabla sijatoka mlangoni, Shubra nzima itakuwa inanicheka."

"Niachie mimi, Haji Bayumi. Siri yako nimeizika."

Wagdi akanunua plasta za maumivu ya mgongo, akazikata vipande, akazipaka mafuta ya karafuu. Hata yeye alijicheka: jitu lisilomaliza shule limekuwa bingwa wa homoni! Lakini mtaji wenyewe ulikuwa aibu ya wateja. Mtu ukimpunja nyama hupiga kelele mpaka polisi waje. Ukimpunja uanaume, hunyamaza na kujikuna.

Muda si muda nusu ya wazee wa mkahawani walikuwa wamenunua viraka vyake, wakijikuna mabega, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Wagdi akashona suti, akaenda kumposa Inshirah, binti wa Haji Mitwalli mwenye tanuri la mikate. Hapo hapakuwa na utapeli. Alimpenda msichana yule mpaka chakula kikawa hakipiti.

Siku ya kusoma Fatiha ya uchumba, wazee wa mtaa walialikwa kushuhudia. Wagdi akaingia, akatupa macho: wateja wake watupu.

"Kabla hatujasoma," alisema Haji Mitwalli, "wake za wazee hawa wamekuta viraka mifukoni mwa waume zao. Bayumi, mkeo ulimwambiaje?"

Bayumi akatazama zulia. "Nilimwambia namtunzia Wagdi. Maskini, hana nguvu."

"Na mimi namtunzia Wagdi," alidakia fundi cherehani.

"Hata mimi," akasema kinyozi.

"Uongo!" Wagdi aliruka. "Mimi ni mzima kabisa!"

"Kama si vyako, basi wewe ndiye uliyewauzia," alisema Haji Mitwalli. "Na mke wa Bayumi kavinusa, anasema ni plasta za mgongo. Chagua, mwanangu: mgonjwa au tapeli?"

Wagdi aliitazama mikono ya Bayumi, mikono inayopasua mifupa kila asubuhi. Mgonjwa hupewa pole, tapeli huvunjwa mbavu. Bingwa wa maneno akabakiwa na moja tu.

"Mgonjwa."

"Mungu akuponye!" wazee waliitikia kwa furaha isiyo na haya.

Inshirah alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sharbati ya uchumba. Aligeuka nalo.

"Inshirah, ngoja! Nitakueleza!"

"Unieleze nini? Kwamba wewe ni tapeli? Hilo nalijua siku nyingi, na tapeli huyo ndiye niliyemkubali. Huyu mwoga simjui."

Akairudisha sharbati jikoni.