Ng'ombe wa Chuma Nyuma ya Jiko

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wafugaji thelathini na ng'ombe watatu, na nguo zangu zote nilikuwa nimezivaa.

Nawaandikia nikiwa nyuma ya banda, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Chaji imebaki kidogo, kwa hiyo msinikatize.

Mnaonijua mnajua sikai mahali pamoja. Shule niliiacha kidato cha kwanza (nayo haikunifuata). Nimechuma chai, nimepakia ndizi kwenye malori, nimekuwa dalali wa parachichi kwa wiki mbili. Mwaka huu nikaenda kushusha mchanga kwenye chuo kimoja hapa Msasani ya Tukuyu, jina nalificha kwa sababu chuo hakijanikosea kitu. Nikakuta wanachimba shimo la mtambo wa gesi. Nikamuuliza fundi mavi ya ng'ombe yanageukaje kuwa moto. Akanijibu, "Wewe shusha mchanga." Basi nikabaki hapo mpaka nijue. Huu ni mwezi wa tano tangu nifike.

Mkuu wa chuo ni mama mmoja wa Moshi, na ameapa chuo kitatunza mazingira hata kama sisi wengine hatutaki. Tuna tangi la kuvuna maji ya mvua (Tukuyu, ambako mvua ndiyo inayokuvuna wewe). Tuna mapipa matatu ya taka yenye rangi tatu, na maganda ya ndizi yamo kwenye yote matatu. Lakini mtambo ndio mboni ya jicho lake. Mimi nimekuwa nikiulisha kama kibarua. Akaniahidi kwamba wageni wa leo wakiridhika, nasaini mkataba wa mwaka mzima, msimamizi wa mtambo, na buti mpya juu. Mimi, mkataba. Mama yangu alishawatangazia majirani wote.

Wageni wenyewe ni kikundi cha wafugaji kutoka Masukulu. Walitaka kuona kama gesi ya mavi ni kweli au ni maneno ya semina.

Ijumaa Mkuu aliniita. "Ambokile, Jumanne tuna wageni. Nataka banda ling'ae."

Hakujua anamwambia nani. Nimelelewa na mama ambaye mgeni akitajwa tu, hata kuku wanaoshwa miguu. Nikanunua chupa sita za dawa ya kusafishia vyoo, ile yenye harufu ya limau. Nikaimwaga banda zima, nikasugua mpaka ng'ombe wakawa wanateleza. Maji yote yakashuka kwenye mfereji. Mfereji unaelekea wapi? Kwenye mtambo. Niliujenga mimi mwenyewe kwa mikono hii. Sikuwaza chochote. Nilikuwa nanusa limau.

Jumapili moto ukawa mdogo. Nikasema ni baridi. (Huku kwetu kila kitu kikiharibika ni baridi. Betri, ndoa, baridi.)

Leo saa mbili asubuhi nikafungua bomba la jiko, nikawasha njiti. Kimya. Njiti ya pili, kimya. Njiti ya nane nikainama na kuweka sikio kwenye jiko kama daktari. Hata mtu aliyekufa huwa anatoa harufu. Huyu hakutoa.

Wageni walitegemewa saa nne.

Hapo mtu mwenye akili angemwambia Mkuu. Mimi nilikwenda getini kwa Mama Tumaini, anayeuza supu na chapati.

"Mama, naomba mtungi wako wa gesi kwa saa mbili tu. Nina mgonjwa, anahitaji maji ya moto."

"Maskini. Chukua, baba. Mgonjwa akipona uniambie."

Nikaubeba mtungi mpaka nyuma ya jiko la chuo. Nikachomoa mpira wa mtambo pale ukutani, nikachomeka wa mtungi. Nikaufunika kwa tenga, juu ya tenga nikatupia majani ya migomba. Nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Ilikuwa kazi safi. Nilijipongeza (nasema ukweli, nilijipongeza kwa sauti).

Saa nne wakafika. Mbele yao alikuwa Bibi Tusekile, mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima mwenye macho mekundu yanayotoa machozi. Nikamwamkia, "Mugonile, Bibi." Akaitikia, "Ndaga, mwanangu," kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Usidhani nalia. Ni kuni. Miaka hamsini ya kuni mbichi. Wakinionyesha moto usio na moshi leo, nauza ndama nijenge. Na hawa wote watajenga nyuma yangu."

Nikamkwepa macho, nikaenda kuchukua sufuria.

Mkuu akawapanga wageni mbele ya jiko. Juu ya jiko alikuwa ametundika karatasi ndefu ya manila, imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mstari mmoja: JIKO LISILO NA MOSHI. Akaanza kufundisha.

"Ndani ya mtambo kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyokula kinyesi na kutoa gesi. Ni rafiki zetu. Vinataka samadi na maji, basi. Kitu kimoja tu kinaviua vyote kwa siku mbili. Dawa za kusafishia vyoo."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya maji na maziwa ya chai. Ikanilemea ghafla. Miezi mitano nilikuwa natafuta kujua mavi yanageukaje moto, na nimekuja kujua leo, mbele za watu, siku nne baada ya kuua ukoo mzima kwa harufu ya limau.

"Ambokile, weka sufuria. Mnaona kijana wetu? Huyu ndiye anayevilea."

Nikaweka. Mkuu akawasha njiti, akafungua bomba.

Jiko la gesi ya mavi lina matundu makubwa kwa sababu gesi yake ni ya upole. Gesi ya mtungi haina upole. Hilo nimejifunza leo saa nne na dakika arobaini. Moto wa njano ulipanda mpaka juu ya kichwa cha Mkuu, akaruka nyuma, na moshi mweusi ukatanda kama tairi linachomwa. Nikaruka kufunga bomba. Sufuria ilikuwa mpya, ikawa nyeusi kama ya matanga. Karatasi ilishika moto pale katikati, nikaipiga kwa kofia mpaka ikazima.

Moshi ulipotoka tukaisoma upya wote kwa pamoja. Neno la pili lilikuwa limeungua. Ilibaki: JIKO NA MOSHI.

"Leo umekula sana," nikasema, nikimaanisha mtambo. Hakuna aliyecheka.

Bibi Tusekile alikuwa anafuta macho tena. "Moshi huu mbaya kuliko wa kwangu," akasema. "Ngoja niuone mpira huu unaanzia wapi." Akaushika mpira kwa vidole, akaanza kuufuata ukutani polepole, kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi.

Nikamzuia mlangoni. "Bibi, huko nje kuna matope."

"Mwanangu, mimi natoka Masukulu. Matope unanieleza mimi?"

Akatoka. Watu thelathini wakatoka nyuma yake. Mpira ukampeleka mpaka kwenye majani ya migomba. Akayatoa jani moja moja, bila haraka. Akainua tenga.

Akaugonga mtungi kwa kidole. Kisha akanigeukia.

"Na huyu ng'ombe, mnamkamua upande gani?"

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyoshuka kutoka mlimani. Mkuu hakucheka. Aliinama akasoma maandishi ya rangi nyekundu ubavuni mwa mtungi. "Mali ya Mama Tumaini. Supu, chapati."

Na Mama Tumaini mwenyewe alikuwepo. Chuo kilikuwa kimeagiza chapati za wageni, kasimama na hotipoti lake kichwani.

"Ambokile. Uliniambia una mgonjwa."

"Ndiyo, mama."

"Mgonjwa yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye mtambo.

Ikabidi nieleze yote. Banda, chupa sita, limau. Niliposema chupa sita, Mkuu alikaa chini kwenye tofali. Nyusi yake moja ilikuwa fupi kuliko nyingine, na sikuona kama ni wakati wa kumwambia.

"Hao vijidudu wamekufa wote?" Bibi Tusekile akauliza.

"Wote, Bibi."

"Pole kwa msiba." Akamgeukia Mkuu. "Mwalimu, wanarudi hao?"

Mkuu akasema wanarudi. Mtambo umwagwe wote, usafishwe kwa maji matupu, ujazwe samadi mpya ya kutosha, kisha tusubiri wiki kadhaa. Ila ng'ombe watatu wa chuo hawatoshi kuujaza.

"Binti yangu yuko Bulyaga, ana ng'ombe wanne," Bibi akasema. "Nitampigia. Lakini samadi aibebe huyu huyu, kwa mikono yake. Mwezi ujao narudi. Nikikuta moto wa kweli, ndama anauzwa. Nisipoukuta, nitawaambia Masukulu nzima kwamba gesi ya ng'ombe inatoka dukani."

Mkuu akasimama, akaninyang'anya ufunguo wa mtambo, akanipa ndoo mbili. "Mkataba wako nitausaini juu ya jiko linalowaka," akasema. "Buti zisahau."

Kwa hiyo jamani, kuanzia kesho mtaniona kila asubuhi natoka Bulyaga na ndoo mbili zenye mifuniko. Nawajua nyie. Si maziwa, msiniagize.