Wiki ya Kicheko Kimya

Ilitangazwa rasmi, mbele ya wafanyakazi wote waliopangwa mistari katikati ya ukumbi wa kusomea, kwamba kuanzia asubuhi hiyo Maktaba Kuu ni mahali pa furaha. Mkurugenzi aliyasema hayo kwenye kipaza sauti kilichozimwa, kwa kuwa sheria ya ukimya ilikuwa bado inatumika, na waliosimama mistari ya nyuma walijulishwa baadaye kwamba wamefurahi.

Agizo lilikuwa limetoka wizarani: kila ofisi ya umma iadhimishe Wiki ya Furaha kwa kuingiza michezo na uchangamfu kazini, maana imebainika kwamba mtumishi anayecheka hadai marupurupu. Ofisi nyingine zilipata kazi nyepesi. Posta walicheka tu, yakaisha. Maktaba ilikuwa na tatizo lake, nalo lilikuwa ukutani kwa herufi nyekundu: KIMYA. Bango lile lilikuwapo kabla ya Mkurugenzi, na huenda kabla ya vitabu. Kuling'oa kulihitaji idhini ya bodi, na bodi haikuwa imekutana tangu mwenyekiti wake apoteze miwani. Basi ikaundwa kamati. Penye wengi hapaharibiki neno, na kamati hiyo, baada ya kula chakula cha mchana mara kadhaa kwa gharama ya serikali, ikaja na ufumbuzi wa kitaalamu: wafanyakazi watacheka bila sauti.

Kikaitwa Kicheko Kimya. Kanuni zake hazikuwa ngumu. Kichwa kiiname kidogo, mdomo ufunguke, mabega yapande na kushuka. Machozi yanaruhusiwa, na kwa kweli yanaongeza alama. Anayetoa sauti anapoteza alama zote na anarudishwa mafunzoni. Bwana mmoja aliyekuwa akitoza faini za vitabu vilivyochelewa kurudishwa akapandishwa cheo kuwa Afisa Uchangamfu, akapewa filimbi ambayo haruhusiwi kuipuliza, akaanza kunyata kati ya rafu akiwavizia walionuna.

Michezo nayo haikusahauliwa. Saa ya chai watu walivutana kamba bila kuguna. Walizunguka viti kwa muziki uliokuwa ukilia masikioni mwa Afisa Uchangamfu peke yake, na alipovichomoa vidude vya kusikilizia masikioni ndipo walipogombania kukaa. Wasomaji walitazama, wakadhani ni mazoezi ya tahadhari ya moto, wakarudi kwenye kurasa zao.

Aliyeumizwa zaidi na furaha hii alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, ambaye kila mtu alimwita Mzee Gundi. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi: meza, sindano, uzi, mtambo mdogo wa kukandamizia vitabu, na harufu ya gundi iliyomfuata mpaka nyumbani. Tena hapa haki itendeke, Mzee Gundi hakuwa mtu wa kununa. Kwa miaka mingi watu walishuka kwake na vikombe vya chai ili wamsikie akisimulia jinsi vitabu vinavyorudi: kile cha mapishi kilichorudi na yai, au kile cha maisha ya ndoa kilichorudishwa na mume na mke siku tofauti, kila mmoja na nusu yake. Mpanga rafu, binti mwenye mdomo mwepesi aliyemwita "baba", alikuwa akicheka mpaka anashika meza asianguke. Hayo yote yalipigwa marufuku siku ya kwanza ya Wiki ya Furaha. Vichekesho vya Mzee Gundi havikuwa vimeidhinishwa na kamati, na kosa kubwa zaidi, vilikuwa vinachekesha.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiwachekesha wote akawa na alama sifuri. Afisa Uchangamfu alimshauri awaze jambo la kufurahisha. Mzee Gundi akawaza kustaafu. Uso haukubadilika, ila macho yaliangalia mlangoni.

Alhamisi, kabla ya chai, simu yake ikatetemeka mezani. Alikuwa mpwa wake.

"Mjomba," kijana alisema, "mama ametutoka. Alfajiri ya leo. Tunamzika kesho alasiri."

Aliyetutoka alikuwa dada mkubwa wa Mzee Gundi, yule ambaye, mama yao alipofariki, alimbeba mdogo wake mgongoni, akaacha shule ili yeye asome. Mzee Gundi hakuwahi kuwa na mama mwingine anayemkumbuka. Kwao kulikuwa safari ndefu. Akipanda basi la asubuhi angefika kumzika, akilikosa angekuta udongo umeshapigwa koleo la mwisho. Akapanda ngazi mpaka kwa Mkurugenzi.

"Bosi, nimefiwa. Dada yangu. Naomba ruhusa ya kesho tu."

"Pole sana, mzee wangu," Mkurugenzi alisema, kisha akaangalia mlangoni asije mtu akasikia maneno ya aina hiyo. "Lakini si unajua hii ni Wiki ya Furaha? Ruhusa za misiba zimesimamishwa mpaka Jumatatu."

"Maziko ni kesho."

"Hamuwezi kusogeza mbele kidogo?"

"Marehemu hangoji, bosi."

"Nakuelewa. Na mimi ni binadamu. Ila kesho anakuja mgeni wa wizara, na nikikuruhusu wewe, kila mtu atafiwa." Akafikiri, na huruma ikaonekana kabisa usoni mwake. "Lakini njia ipo. Leo tunatafuta mshindi wa kicheko, na zawadi ni siku nzima ya mapumziko. Wewe cheka tu. Ukishinda, nenda kazike."

"Nicheke?"

"Bila sauti. Na kumbuka, asiyeonekana kesho bila idhini atakuwa amejifukuza kazi mwenyewe. Nisingependa yakukute hayo, kustaafu kwenyewe umeshakukaribia."

Mzee Gundi akashuka ngazi. Akakaa mbele ya kitabu kilichong'oka jalada, akashika sindano, akaiweka. Alikumbuka vidole vya dada yake vikimfunga vifungo vya shati la shule, kimoja kimoja, kama vile hapakuwa na haraka yoyote duniani. Angelia kwa sauti, lakini juu yake kulikuwa na wasomaji, na mtu aliyezeekea maktabani hata msiba wake una adabu. Akainamisha kichwa. Mdomo ukafunguka. Mabega yakaanza kupanda na kushuka, na machozi yakadondokea mezani.

Afisa Uchangamfu, aliyekuwa akipita, akachungulia. Akasimama. Alikuwa ameona vicheko vya kuigiza wiki nzima, na sasa hiki hapa, chenye mabega na kila kitu.

"Hicho ndicho tulichokuwa tunafundisha," alinong'ona kwa heshima. "Tena machozi macho yote mawili. Mzee, kumbe ulikuwa unatuficha."

"Nimefiwa," Mzee Gundi alisema.

"Ndiyo, waza hivyohivyo. Kila mtu ana mbinu yake."

Jioni Mzee Gundi akatangazwa mshindi bila mpinzani. Wenzake wakampongeza kwa makofi yaliyoidhinishwa, yaani kupunga viganja hewani. Akashukuru, akaomba idhini yake. Akaambiwa asiwe na papara: zawadi huleta heshima ikitolewa na mkono wa mgeni rasmi, na mgeni rasmi anafika kesho asubuhi na mapema.

Kesho yake Mzee Gundi alikaa kiti cha mbele akiwa na shati jeupe na mkoba miguuni. Mgeni, ambaye alikuwa Katibu wa wizara, aliendelea kufika mapema mpaka jua likapanda juu ya paa. Mpanga rafu akamsogelea.

"Baba, nenda tu. Nitawaambia uko msalani."

"Mpaka Jumatatu?"

"Nitasema umekula vibaya."

Alikuwa ameshashika mkoba ainuke, na liwalo na liwe, Katibu alipoingia na mpiga picha nyuma yake. Mkurugenzi akampokea kwa kuinama, akamketisha, akamwonyesha mabega ya wafanyakazi wote yakipanda na kushuka kwa pamoja. Katibu akafurahishwa sana. Akasimama na kutoa hotuba yake kwa mnong'ono, kama alivyoelekezwa.

"Mkurugenzi, wizara imeguswa na taarifa yako. Umeandika kwamba furaha imewafanya watu hawa wajitume bila kusimamiwa na mtu."

Mkurugenzi akatabasamu mpaka gego la mwisho.

"Nasi tukakaa, tukajiuliza," Katibu aliendelea. "Watu wasiohitaji msimamizi, mkurugenzi ni wa nini? Kwa hiyo cheo chako kimefutwa kuanzia leo. Nyumba ya serikali utarudisha mwisho wa mwezi. Funguo za gari utaniachia mimi hapa. Hongera sana."

Ukumbi ukatulia zaidi ya sheria ilivyotaka. Kichwa cha Mkurugenzi kikainama. Mdomo ukafunguka. Mabega yakapanda, yakashuka, yakapanda tena, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye tai.

Wafanyakazi walifunzwa, na walikitambua kitu walichokiona. Viganja vikapunga hewani ukumbi mzima. Afisa Uchangamfu akatoa alama zote, na zilipokwisha akaongeza zake za akiba.

"Mnaona kiongozi?" Katibu alinong'ona. "Anapoteza cheo, na bado anacheka."

"Mheshimiwa, mimi nalia," Mkurugenzi alisema.

"Na mzaha pia anao."

Viganja vikapunga tena. Mzee Gundi peke yake hakupunga. Aliinuka, akaipokea idhini yake mkononi mwa Katibu, akaiingiza mfukoni, akamwinamia Mkurugenzi.

"Pole sana, bosi. Najua inavyouma."

Mkurugenzi akainua macho mekundu. "Wewe umejuaje kwamba nalia kweli?"

"Mimi ndiye mshindi wa jana."

Mkurugenzi akamtazama yule mzee, na shati jeupe, na mkoba. Mabega yake yakatulia kidogo. Kisha yakaanza upya kwa nguvu zaidi, na hakuna aliyejua kama sasa anajililia mwenyewe tu au anamlilia na mwingine.

Mzee Gundi hakungoja kujua. Mpanga rafu alikuwa ameshamfungulia mlango, na ng'ambo ya barabara basi la asubuhi lilikuwa bado linapiga honi kuita abiria. Nyuma yake mpiga picha wa wizara alikuwa akiomba radhi kwamba kamera iligoma, hakupata hata picha moja. Katibu akamgusa Mkurugenzi begani na kumwomba, kwa upole kabisa, aanze upya tangu mwanzo, na safari hii uso auelekeze kwenye mwanga.